Mke Mwenza wa Meno Kamili

Mke mwenzangu alikufa zaidi ya miaka elfu mbili kabla sijazaliwa, na mifupa yake nimeisafisha mwenyewe kwa brashi laini, nimepiga magoti kwenye tope la pwani ya kaskazini ya Japani huku baridi inaniingia mpaka kwenye uboho. Kwa hiyo mtu asiniambie simjui. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha ni mimi, Mwanaheri binti Kigombe, daktari wa mifupa ya kale. Najua goti lake la kulia lilikuwa likimsumbua. Najua alikula sana samaki na kome. Najua alizaa. Nilichokuwa sikijui, mpaka waliponifungulia mlango wa Ukumbi wa kuamshia wafu Jumatatu ile, ni kwamba anacheka vizuri kuliko mimi.

"Karibu, dada," akaniambia.

Alikuwa amekaa sakafuni, nywele kazifunga juu, mikono kaipakata. Mbele yake, miguu kaikunja kama anayesubiri pilau la Idi, alikaa mume wangu Mhina. Mhina ndiye fundi wa sura, yaani ndiye anayewavika wafu hao, warejea kama tunavyowaita, mwili wa nuru na sauti. Aliponiona akasimama haraka mno. Mwanamume asiye na kosa hasimami vile.

Nikavaa kifaa changu sikioni vizuri. Lugha ya watu wake hakuna anayeijua leo. Mtambo unaowaamsha uliitunga upya kwa kukisia, na kila msikilizaji husikia tafsiri kwa lugha yake mwenyewe. Sauti ya tafsiri huchaguliwa na fundi. Na fundi huyu, jamani, katika sauti zote alizokuwa nazo, alimchagulia ya Tanga. Si ya Dar, si ya mtangazaji wa habari. Ya Tanga hasa, ile ya kuyavuta maneno, ya Chumbageni nilikozaliwa mimi.

"Anaitwa Kai," Mhina akasema. "Ni jina la kazi tu. Maana yake kombe, kwa sababu ya lundo la makombe ulikomtoa."

"Najua nilikomtoa."

Kai akacheka kwa jinsi nilivyojibu, akafungua mdomo wote. Hapo ndipo nilipoona meno. Yalikuwa yamepangana, meupe, kamili. Chonge mbili za juu zilikuwa mahali pake, zinang'aa. Lakini kwenye fuvu nililolishika mimi chonge hizo hazipo. Ziling'olewa akiwa hai, kwa makusudi, na fupa la taya likajiziba laini juu ya pengo. Niliandika hivyo, nikatia sahihi.

Kwa asiyeijua kazi hii nieleze kidogo. Mtambo hausomi mawazo ya wafu, hayo ni maneno ya wauza magazeti. Unapewa mwili: chembe za urithi zilizofichwa kwenye fupa la sikio, tabaka za jino zinazoonyesha mwaka wa njaa na mwaka wa shibe, magoti, nyonga, makovu. Kutoka hapo unakisia maisha ambayo mwili huo lazima uliyapitia, unayarudia na kuyarudia mpaka yaafikiane na kila alama, halafu unaamsha mtu anayeyakumbuka. Kila kovu nililoliandika linakuwa jambo lililompata. Likifutwa kovu, halikumpata.

Na watu wa kina Kai, hawa wa kale wa visiwa hivi ambao siku hizi tunawaita Wajomon, waliochora vyungu vyao kwa alama za kamba na kuishi kwa uvuvi na mawindo, walikuwa waking'oana meno. Mtoto akikua, meno. Mtu akioa au kuolewa, meno. Mgeni akiingia katika ukoo, meno mengine tena. Ndivyo wenzangu wengi wanavyoamini na ndivyo Mtambo ulivyofundishwa. Ukitaka kujua huyu ni wa nani, unamwambia acheke.

Basi mwenye meno kamili ni nani? Ni msichana. Hana mume, hajazaa, hajazika. Na msichana asiye na mtu, ambaye kila siku akifumbua macho anamwona mwanamume mmoja tu wa Kizigua mwenye mabega mapana anayemuuliza umelalaje, atampenda nani? Mimi si mtoto. Niliona anavyomtazama.

"Mhina," Kai akasema, bado anatabasamu, "kumbe dada yako ni mrefu hivi? Hukuniambia."

Dada yako.

*

"Mwanaheri, usianze," Mhina akasema tulipotoka koridoni.

"Sijaanza. Nikianza utajua."

"Watu wanapita."

"Waache wapite. Wajapani hawajui Kiswahili, na wakijua watasikia kwamba mimi ni dada yako. Hongera, kaka."

Akanivuta mpaka karibu na dirisha la mwisho, kule kunakoonekana theluji imelala juu ya mashamba. Sura yake ilikuwa imechoka. Ningemhurumia siku nyingine yoyote.

"Alipoamka mara ya kwanza alikuwa na mianya yake," akasema. "Nilimjenga kama ulivyoandika, sikupunguza kitu. Alianza kupapasa ukuta. Anaita jina la mtu. Anazunguka, anaita, anashika tumbo, anaita tena. Siku nzima, Mwanaheri. Nikaona hapana. Nikamzima, nikajaza meno mawili, nikafuta alama ya uzazi nyongani, nikamwamsha upya."

"Ukijua kwamba meno ni mume, na nyonga ni mtoto."

"Nikijua."

"Sheria inasema mrejea akishaamka haguswi bila ridhaa yake."

"Sheria haikuwepo chumbani. Nilikuwepo mimi." Akajishika uso. "Sikuweza kumwangalia analia. Sikuweza, basi."

Nilikumbuka hospitali ya Sendai mwaka jana, mimba yangu ilipoharibika. Nililia mpaka shuka likalowa. Bwana huyu alinishika bega, akasema Mungu atatupa mwingine, akaangalia saa, akaenda kazini. Nikajiambia siku ile kwamba wanaume ndivyo walivyo, hawajui kukaa na kilio, na nikamsamehe. Kumbe anaweza kushindwa kumwangalia mwanamke analia. Kumbe inategemea ni mwanamke gani. Wivu ulinishika palepale dirishani, na sioni haya kuusema.

"Nilipolia mimi," nikamwambia, "ulinijazia nini?"

Nikaondoka zangu kwenda kwa mkuu wetu.

*

Mwalimu Onodera alikuwa anakula donge lake la wali ofisini, nyaraka kazisogeza pembeni. Ni mwanamke wa makamo, mpole, na mtu akimchukulia upole huo kuwa udhaifu atapata tabu. Nilimweleza yote. Hakushtuka. Nikajua kwamba alijua.

"Kaa, Daktari," akasema. "Ijumaa anakuja waziri, na nyuma yake nchi nzima inatazama. Wanataka kumwona mama yao wa kwanza. Unajua wanavyogombana?"

Najua. Nani asiyejua ugomvi wa asili? Kwetu Tanga kila mtu babu yake alitoka Shirazi. Ukitafuta aliyetoka Muheza humpati. Huku ugomvi ni huohuo. Walianza wenyeji wa vyungu vya kamba, wakakaa maelfu ya miaka. Kisha kutoka bara la Asia wakavuka mlangobahari wa magharibi watu wa mpunga na vyuma, wakapanda kidogo kidogo kuelekea kaskazini, wakichanganyika na waliowakuta, na katika mchanganyiko huo ndimo walimotoka Wajapani wengi wa leo. Kwa Waainu, wenyeji wa kule kaskazini zaidi, damu ya kale ilibaki nzito. Hayo hayabishaniwi sana. Kinachobishaniwa ni kile ambacho mifupa haisemi kwa sauti: wale wageni walikuja kuposa, au walikuja kupora?

"Wapo wanaotaka msichana safi," Mwalimu Onodera akaendelea, "asiyeguswa na mgeni. Nikiwapa Kai huyu tuliye naye watafurahi. Mimi sijali furaha yao. Najali yake. Anaimba asubuhi. Umewahi kumsikia?"

"Mumewe alizikwa mkono wake umo mkononi mwa Kai," nikasema. "Nimeitenganisha mimi, kidole kwa kidole. Jino la yule bwana linasema utotoni alikunywa maji ya mbali, magharibi kabisa. Ni mtoto wa watu wa mpunga. Na miguuni mwao kuna chungu, ndani ya chungu kuna mtoto mchanga mwenye damu ya wote wawili. Mwalimu, umeamsha mwanamke halafu umemwibia ndoa yake na mwanawe."

"Ukimwambia, atawazika upya. Safari hii bila shangazi, bila jirani, bila hata kaburi la kwenda kuketi. Peke yake ndani ya chumba. Sisi tutakuwa tumempa nini?"

Swali lilikuwa la haki.

"Na bado," nikasema, "ni vyake."

Akaweka donge lake chini, akapangusa vidole kimoja kimoja. "Kuna wewe mwanasayansi na kuna wewe mke. Ni nani kati yenu aliyekuja ofisini kwangu?"

"Wanakula sahani moja, Mwalimu."

Nilitegemea atanifukuza. Akacheka kidogo, bila furaha. "Sheria inamtaka mtu wa mifupa ndiye aombe ridhaa ya mrejea. Siwezi kukuzuia, siwezi kukutuma. Ila mwambie na gharama yake. Usimwambie nusu."

*

Nilijipamba. Ndiyo, nilijipamba kwenda kumwona maiti. Nilijitia wanja, nikajifunga kilemba changu cha rangi ya zambarau, nikajipulizia manukato ambayo Kai, kwa kuwa ni nuru tupu, hawezi hata kuyanusa. Nilitaka aumie. Nilitaka aumie na nilitaka apate haki yake, na mpaka sasa sijui ni lipi lililotangulia mlango. Mhina alikuwa kwenye meza yake ya mitambo pembeni ya Ukumbi. Aliponiona na kilemba kile, akajua.

"Mimi si dada yake," nikamwambia Kai. Sikukaa. "Mimi ni mkewe."

Tabasamu lilimtoka taratibu. Akamgeukia Mhina, na Mhina akainamisha kichwa.

"Alisema wewe ni dada yake, tena huna wivu," Kai akasema.

"Alidanganya mara mbili, basi."

Kisha nikamweleza. Nilikuwa nimeyaandaa maneno makali tangu asubuhi, maneno ya kumkata, lakini kila nilipofika kwenye mifupa ulimi ulilainika wenyewe, maana mifupa ile naipenda, ni kazi yangu. Nikamwambia alikuwa na mianya miwili juu, hapa na hapa. Nikamwambia mianya ile ilizibwa na aliyeshindwa kumwona akilia. Nikamwambia nyuma yake kuna mtu na kuna mtoto.

"Ukikubali irudi," nikasema, "utawapata na kuwapoteza kwa pumzi moja. Wote wamekufa. Kila mtu uliyemjua amekufa, na waliowajua wao, na waliofuata. Hakuna tutakachoweza kufanya utulie. Ukikataa, nitatoka mlango huu na utaendelea kuimba, na hakuna atakayekusumbua tena. Hata mimi."

Mkono wa Kai ulishuka chini ya kitovu, ukakaa hapo.

"Kila nikiamka najishika hapa," akasema. "Nilidhani ni njaa."

"Si njaa."

"Hapana," akasema. "Si njaa." Akamtazama Mhina kwa macho ambayo sikuyaona Jumatatu. "Rudisha."

"Kai, tafadhali," Mhina akasema.

"Rudisha vyangu."

Akarudisha. Ilichukua muda mfupi tu, kama taa inavyopepesa umeme ukikatika na kurudi. Alipofumbua macho tena mashavu yalikuwa yameingia ndani kidogo juu ya ile mianya, na alikuwa mwanamke mzima. Halafu akalia. Sitaki kukielezea kile kilio. Nitasema tu kwamba mikono ya Mhina iliruka kuelekea kwenye kitufe cha kumzima, na mimi nikaishika yote miwili, nikaikandamiza mezani.

"Safari hii utaangalia," nikamwambia. "Kaa hapo, uangalie."

Akakaa. Akaangalia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakuyafuta.

Kilio kilipopungua Kai aliniita niende karibu. Nikakaa sakafuni na kilemba changu cha kujitapa.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mlimlaza ndani ya chungu, miguuni penu."

"Najua tulimlaza. Nauliza sasa yuko wapi."

"Ghalani. Kila mmoja na sanduku lake."

"Mmewatenga?"

"Ndiyo."

"Waweke pamoja."

"Nitawaweka. Kesho kukicha, kwa mikono yangu. Waziri atawakuta hivyo na kama hapendi asitazame."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaanza kunisimulia habari za mumewe, nami nikawa nasikiliza kilio kile kinageuka polepole kuwa majigambo, kama wajane wanavyofanya wakikaa na wenzao siku ya pili ya msiba. Alikuja kutoka machweo na mfuko wa mbegu, akasema. Miguu myembamba, hajui kupiga kasia, anaogopa dubu. Anapanda majani yake kwenye tope, watoto wanamcheka. Na watu wangu wakasema, huyu si wetu, arudi kwao. Mjomba wangu akamwambia, ukimtaka binti huyu, toa meno ya chini manne. Tulijua atakimbia, maana watu wao hawafanyi hivyo, kwao mwenye mapengo anachekwa mpaka barabarani.

"Akakimbia?" nikauliza, ingawa taya lake nimelishika mwenyewe.

"Akakaa juu ya jiwe, akafungua mdomo. Mtu mzima! Sisi tunang'olewa tukiwa wadogo, fupa bado laini. Yeye alitoka damu siku nyingi, akawa anakula uji tu. Hakuweza tena kurudi kwao. Hata akirudi, angekuwa wetu." Akagusa mianya yake mwenyewe kwa ncha ya ulimi, akacheka huku machozi bado yapo. "Alikuwa mbaya wa sura baada ya hapo. Mbaya kabisa. Nilikuwa namwambia acheke ili nimwone."

Hapo nikapata wivu. Ule wa Jumatatu ulikuwa wa kitoto, wivu wa sauti na lafudhi. Huu ulikuwa wa mtu mzima. Mianya ile minne niliipima, nikaandika kwamba iling'olewa ukubwani na kwamba ilipona vizuri, nikahamia kwenye mbavu. Kumbe nilikuwa nimeshika mkononi kitu ambacho sijawahi kupewa, na sikukitambua.

Kai alimpungia Mhina mkono. "Njoo."

Mhina akaja, akapiga magoti mbele yetu sote wawili, uso umelowa.

"Fungua mdomo."

Akaufungua. Kai aliinama, akatazama juu, akatazama chini, kwa makini na bila chuki, kama mama anayemkagua mtoto. Kisha akaketi nyuma.

"Yote yapo," akasema. "Wewe hujatoka kwenu bado." Akanigeukia mimi, na lafudhi ile ya Chumbageni ikanijia sikioni kwa upole, kama shoga yangu wa utotoni anayeuliza kwa nia njema kabisa. "Na wewe, dada? Ulipoolewa, huyu wako alitoa nini?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameachama, hajui kama ameruhusiwa kufunga.

"Bado," nikasema.